Mwaka Nilipoitwa Mama Kondo

Sista Felista tulimzika Butiama, siku ya Alhamisi, kwenye mvua ya rasharasha iliyokuwa na adabu ya kusubiri mpaka jeneza lishuke. Nilikuwa nimekaa na wanawake wa jikoni nyuma ya nyumba, nachambua mchele usiokuwa na hata jiwe moja, kwa sababu msibani mikono lazima ishike kitu. Mara nikasikia mtu anaita, "Mama Kondo!" Karibu miaka thelathini hakuna aliyeniita hivyo. Wanawake walionizunguka walinitazama kwa mashaka, na siwalaumu, maana ni jina gani hilo la mtu mzima aliyekuja na kitenge kipya. Nikageuka, nikamwona Wegesa wa Mugeta. Mvi zimemjaa, meno yake ni yale yale, anacheka huku analia. Tulikumbatiana ungo wa mchele ukiwa katikati yetu. "Sista ametuacha," akasema. "Ametuacha, mwenzangu," nikamjibu. Tukaongea mpaka chakula kikaiva, na jioni niliporudi kwangu Kamunyonge sikuweza kazi nyingine yoyote ila kukumbuka.

Habari za kwetu, nani alizaliwa na nani, naziacha. Ukoo wangu una wasimuliaji wake, na wote wanajua kudanganya kuliko mimi. Itoshe kusema nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha sita na matokeo ya kati na kati, nangoja bahati. Bahati ilikuja kwa sura ya Sista Felista, mkunga mnene mwenye miguu myepesi, aliyekuwa anatafuta msichana asiyeogopa damu na ambaye akiandika sita haifanani na sifuri. Pale hospitalini Bunda kulikuwa na utafiti. Dokta Majura, kijana mrefu aliyekuwa anasahau kula, alitaka kujua kwa nini baadhi ya wanawake wetu hupandwa na presha mimba inapoelekea kukomaa, wakavimba miguu na uso, kichwa kikawapasuka, wakaanguka kifafa cha mimba, na wenzao wa kitanda cha pili hawapatwi na lolote. Aliamini jibu liko kwenye kondo la nyuma, kiungo ambacho sote tunakisahau mara mtoto akishalia. Mimi nikaajiriwa kulipima. Mama akijifungua, kondo linaletwa kwangu kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Nalipima uzito, nalipima upana, naeleza rangi na ugumu wake kwenye daftari, nakata vipande vinne vya kwenda maabara, basi. Leo ukiniuliza kama nilikuwa naona kinyaa, nitakwambia siku mbili za kwanza tu. Baada ya hapo nililipenda. Ukilifunua chini ya mwanga unaona mishipa imetawanyika kutoka kwenye kitovu, na unajua kwamba mtu mzima yeyote unayepishana naye sokoni aliwahi kuning'inia hapo.

Chumba changu kilikuwa stoo ya mashuka zamani. Kilikuwa na meza ya saruji, mizani, beseni mbili, na harufu ya fomalini iliyonitoa machozi kila asubuhi hata watu wakadhani nina huzuni zangu. Kilikuwa na dirisha moja dogo, na chini ya dirisha hilo, upande wa nje, kulikuwa na benchi walilokaa mabibi waliosindikiza wazazi. Hilo benchi ndilo lilikuwa chuo kikuu changu. Hapo nilisikia kwamba hospitali inauza makondo kwa wachimba dhahabu, wanayafukia mgodini ili jiwe lifunguke. Nilisikia kwamba mimi mwenyewe nimeahidiwa nyumba. Manesi nao walinitania vya kutosha, wakanipa jina, na kwa wiki nzima hakuna aliyekubali kula mihogo ya saa nne niliyoimenya mimi. Nyumbani Nyasura, nilikopanga chumba cha uani kwa Sista, mambo yalikuwa kinyume. Yeye alikuwa anakula ugali wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, kwa dagaa huku anasimulia uzazi uliokwama, anaonyesha kwa tonge jinsi bega la mtoto linavyogeuzwa, halafu analimeza lile tonge na kuomba maji. Nilimpenda yule mama kupita kiasi. Mpaka leo siwezi kukanda ugali nisimkumbuke.

Mwanzoni utafiti nusura ufe. Mpango ulioandikwa ulisema kondo likishapimwa lichomwe kama hospitali inavyochoma vyote, na akina mama wakakataa kusaini, wengine wakaacha kabisa kuja kujifungulia hospitali. Aliyeuokoa ni Bibi Nyangeta wa Mugeta, mama mkwe wa Wegesa, bibi mkavu, Msabato asiyekosa kanisani, ambaye siku moja aliinuka kwenye lile benchi akaja kusimama mlangoni kwangu. "Dokta yuko wapi?" akauliza. Dokta akaja mbio. "Sisi kondo tunazikaga nyumbani kwa baba ya mtoto," Bibi akamwambia. "Mtoto akiumwaga, tunaendaga pale pale tunamwombea. Nyie mkishapima mnapeleka wapi?" Dokta akaanza kueleza habari za vipande vinne, kila kimoja ncha ya kidole. Bibi akamkata. "Hivyo vinne tumekupa. Yaliyobaki turudishie. Na chombo kiwe safi, ile ni mwili ya mtu, sio takataka." Sista Felista aliyekuwa nyuma yake akasema, "Amina," na kuanzia siku hiyo kila familia ikawa inaondoka na ndoo yake. Benchi likajaa tena. Na mimi nikapata kazi ya ziada, ya kuhakikisha kila ndoo inang'aa kabla haijashikwa na bibi yeyote, nikajisifu kwa usafi huo kuliko hata mwandiko wangu.

Wegesa alilazwa msimu wa mvua ndefu, mimba yake ya tatu. Zile mbili za kwanza zilikwenda na presha. Watoto wote wawili walizaliwa kimya. Alikuwa na miaka ishirini na minne, miguu imejaa hata kandambili hazimwingii, na alikuwa hasemi ila akiulizwa. Mimi ndiye niliyekuwa namletea uji wa ulezi mchana, na siku aliposaini karatasi za utafiti nilimuuliza kama ameelewa kila kitu. Akanijibu kwa swali. "Dada, hiyo kondo mkiiangalia, mnaweza kujua kwa nini wanangu wanakufaga?" Nilimwambia tutajaribu. Nilisema kwa wepesi, kama vijana wanavyosema. Sikujua bado kilichokuwa kinamngoja. Nilikijua kesho yake, kupitia dirishani, Bibi Nyangeta alipokuwa anaongea na mwenzake kwenye benchi. "Huyu mwanamke hasikiagi," alikuwa anasema. "Mimba ya kwanza alikuwa anabebaga maji mpaka jioni. Ya pili akaenda kwenye msiba ya watu hata hawajui. Wawili wameshaenda. Huyu naye akienda, nitamtafutia mwanangu mwingine, Mungu anisamehe." Mwenzake akauliza, "Na hiyo presha wanayosema?" Bibi akasonya. "Binti mdogo vile ana presha ya nini? Presha ni ya wazee."

Basi siku ya siku, presha ilipokataa kushuka, Dokta aliamua mtoto atolewe kabla ya wakati. Akazaliwa msichana, mdogo wa kutisha, ila analia. Saa hiyo hiyo, chumba cha pili, mama mmoja wa Majita, kule kwa wavuvi, aliyekuja kujifungulia kwa dada yake pale Nyasura, akazaa dume la mtoto lenye mashavu mpaka shingoni. Sista alizalisha wote wawili, huku na kule, na ndoo mbili zikaja kwangu kwa pamoja. Sasa nisemeje. Siku ya kwanza kabisa ya kazi Sista alinionya, "Jina liandikwe kwenye ndoo yenyewe." Lakini ndoo ikilowa wino ulikuwa hauandiki, na mfuniko ulikuwa mkavu, kwa hiyo mimi na manesi tulizoea kuandika kwenye mfuniko. Na ile mifuniko ilikuja na damu. Bibi Nyangeta alikuwa pale nje anangoja, Bibi yule yule wa chombo kiwe safi. Nikaitumbukiza yote miwili kwenye beseni moja, nikaisugua mpaka yakabaki majina tu, nikaianika dirishani, nikairudishia kwenye ndoo, kisha nikafanya kazi yangu vizuri kabisa, kwa mwandiko mzuri, nikifuata majina ya mifuniko. Mpaka alasiri ndoo moja ilikuwa njiani kwenda Mugeta na nyingine imepanda basi la Majita. Nilikula sana jioni ile.

Kesho yake Bibi Nyangeta alirudi, ameshazika, amevaa sare yake ya kanisani. Mkwewe yuko wodini, mtoto amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi. Dokta akafungua daftari langu akamsomea majibu ya kwanza pale kibarazani. Kondo lilikuwa kubwa, laini, halina kasoro. Alisoma huku amekunja uso, nadhani hata yeye lilikuwa linamsumbua, lakini alikuwa amekesha na aliitwa chumba cha upasuaji kabla hajamaliza. Bibi akarudi kwenye benchi. "Umesikia?" akamwambia mwenzake. "Dokta mwenyewe amesema kondo haina shida. Kwa hiyo shida ni yeye." Nilikuwa nimeshika kisu nakisafisha, na mkono wangu ndio ulioelewa kabla ya kichwa. Jana kondo moja lilikuwa kubwa na kisu kilipita bila sauti. Lingine lilikuwa dogo, lina mabaka meupe magumu, na kisu kilikwaruza. Hilo gumu nililiandikia jina la mama wa Majita, mama wa lile dume la mtoto. Haiwezekani. Nikatazama beseni. Nikakaa chini, sakafuni, na ninakumbuka nilitamani kufa, sio kwa namna ya maneno tu.

Sista alithibitisha bila hata kukaa. "La Wegesa nililishika kwa mikono hii," akasema. "Lilikuwa linajaa kiganja kimoja." Dokta akafunga mlango wa stoo yangu, tukabaki watatu na fomalini. "Daftari tutalisahihisha sasa hivi," akasema. "Lakini Sista, tukienda kuwaambia hawa watu kwamba wamezika kondo la wengine, kesho hakuna mama atakayesaini. Kazi yote imekwisha." "Na tusipoenda?" "Hakuna atakayejua." Nilitamani Dokta ashinde. Naandika hivi nikiwa mtu mzima na bado naona aibu, lakini nilitamani ashinde. Sista akamtazama, akanitazama na mimi. "Mimi nitajua, na huyu mtoto atajua," akasema. "Mficha uchi hazai, Dokta. Na Wegesa je? Tumwache aitwe mbaya kwa kondo la Mjita?" Dokta alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Halafu akaenda kuomba gari.

Bibi Nyangeta alikuwa ameshatangulia nyumbani. Maneno kama hayo, Sista alisema, hayasemwi kwenye benchi. Tulifika Mugeta kesho yake mchana, ng'ombe wako malishoni, boma limetulia. Bibi akatukaribisha, na hakukubali tufungue mdomo kabla ya kula, maana wageni hawatoi habari na tumbo tupu. Akaleta ugali wa ulezi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Ni maziwa matamu kuliko yote niliyowahi kunywa na sikuweza kuyameza. Alipoona nimeshika tonge muda wote, akasema, "Wewe binti, sema basi, utakabwa na hiyo ugali." Nikapiga magoti. Nikasema, "Bibi, mimi ndiye niliyekosea. Ni mifuniko, niliiosha pamoja. Kondo mliyozika siyo ya mjukuu wako."

Bibi alisukuma kibuyu kando. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, tukamfuata, mpaka kwenye migomba, ambako udongo ulikuwa bado mbichi na umefunikwa kwa miiba mbwa wasifukue. "Hapa niliimba," akasema. "Niliomba na machozi. Sasa nimemwombea nani?" "Ni ya mtoto wa Majita, Bibi," Sista akajibu, "mtoto wa kiume." "Mjita!" Akashika kichwa. "Mungu wangu. Nimezika mvuvi kwenye boma la ng'ombe." Dokta akaanza kusema wanaweza kufukua, watagharamia usafiri, na Bibi akamgeukia kwa ukali ambao sijausahau. "Hatufukui! Maombi nilishaomba, hayarudishwagi. Na wao yetu wameishaizika?" "Watakuwa wameishaizika, Bibi." "Basi wanaitunza yetu, tunaitunza yao. Mkawaambie. Wakitaka kuja kuona, waje." Akatulia, akanitazama mimi niliyekuwa nalia kamasi na machozi. "Nyamaza wewe. Hata mchungaji anasahauga jina ya bibi harusi." Sista akaona ndio nafasi. "Kuna na lingine, Bibi," akasema. "Yale majibu aliyokusomea Dokta jana hayakuwa ya Wegesa." Bibi Nyangeta akainua mkono. Alikuwa ameshaelewa, nilimwona usoni ameshaelewa, na hakutaka kusikia akiwa pale kwenye migomba yake. "Msiniambie mimi," akasema. "Mwenye mwili yuko hospitali. Ngoja nichukue kanga."

Dokta alikuwa na haki ya kuogopa, nalo niliseme. Habari ilienea Bunda yote kabla hatujashuka kwenye gari, na kwa wiki kadhaa stoo yangu ilikuwa tupu. Nilijua kila ufa wa ile meza. Halafu wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kila bibi na alama yake ya mkononi, huyu amefunga utepe mwekundu kwenye mshikio wa ndoo, yule amechora msalaba kwa msumari, na wote wananiangalia usoni mpaka nimalize. Nadhani walirudi kwa sababu ya ile safari ya Mugeta. Waliona kwamba tukikosea tunasema. Dokta na Sista walikwenda mpaka Majita pia, na mzee wa mji ule alichouliza ni kama ardhi ya Mugeta inashika mvua, kisha akawafungia sato wakavu wampelekee Bibi. Zile familia mbili zinatembeleana mpaka leo. Msichana wa Wegesa aliishi. Ni fundi cherehani hapa Musoma, na alipopata mimba ya kwanza, kliniki walimuuliza kama mama yake aliwahi kupata presha ya mimba, akajibu ndiyo na akaeleza kondo lilivyokuwa. Wakamwanzishia aspirini ndogo na vidonge vya madini ya chokaa mapema, presha ikapimwa kila alipokwenda. Siku hizi wanajua ugonjwa ule huanza kimyakimya, miezi mingi kabla mguu haujavimba, na wana vipimo vya damu ambavyo Dokta Majura angetoa jino kuvipata. Wakati wetu tulikuwa na kisu, mizani, na daftari. Huwa najiuliza kama ukurasa wangu mmoja ulioandikwa vibaya kisha vizuri uliingia kwenye ujuzi huo wote. Sijui, na sitadai.

Ninachokijua ni jioni ile wodini, tuliporudi kutoka Mugeta. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha ya upande wa ziwa, wanawake wanakula, vijiko vinagonga bakuli. Wegesa alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, kichwa chake kidogo kimechomoza kwenye kanga. Alipotuona wote wanne tumeingia, mama mkwe wake mbele, alimkumbatia yule mtoto kwa mikono yote miwili, na nikafahamu kwamba alidhani tumekuja kumfukuza. Dokta akafungua daftari. Nikamwomba niseme mimi, kwa sababu kisu kilichokata kilikuwa mkononi mwangu. Nikamweleza kosa langu, mifuniko, Majita, yote. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Sasa ile ya kwangu ilikuwaje?"

"Ilikuwa ndogo," nikasema. "Ina sehemu ngumu, zimekufa, damu haikuwa inapita vizuri kwenda kwa mtoto. Ndiyo iliyopandisha presha. Dokta anasema ilianza mwanzoni kabisa, pengine hata hujajua kama una mimba. Kwa nini inakuwa hivyo kwa wengine, hatujajua bado. Lakini sio maji uliyobeba, sio msiba uliokwenda. Hukukosea kitu, Wegesa."

Akainamisha uso kwenye kile kichwa kidogo, akakaa hivyo. Kisha akasema, polepole, "Sema tena. Kwa sauti. Mama asikie."

Bibi Nyangeta alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu na alikuwa na masikio ya paka. Hakusogea. Alikunja kanga yake mkononi, akaikunjua, akasema, "Sema, mwanangu. Nasikia." Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Hukukosea kitu. Vijiko vilikuwa vimenyamaza. Na kwenye kitanda cha ukutani, mama mmoja mtu mzima ambaye hakuwa hata kwenye utafiti wetu, ambaye sikumjua jina wakati ule na sijalijua mpaka leo, akaweka bakuli lake chini.

"Na mimi, dada," akasema. "Wangu walikuwa watatu. Niambie na mimi."